Ngoma Iliyoshuka Benderani

Bendera ya Burundi ni kitambaa cha vipande vinavyokutana. Pembetatu mbili nyekundu, moja juu na moja chini. Pembetatu mbili za kijani, moja upande wa mlingoti na nyingine upande unaopepea. Na kati yao msalaba mweupe unaopita mshazari kutoka pembe hadi pembe. Fundi cherehani aliyezoea bendera za mistari, kama ya Kenya au ya Uganda, hukuta hapa kazi nyingine. Mistari hukatwa kwa kufuata uzi na hutulia. Kitambaa kinachokatwa mshazari huvutika, na pembetatu moja ikivutwa kuliko wenzake bendera nzima hupinda, hata ikipigwa pasi haikai sawa. Pembetatu zote nne huelekeza ncha zake katikati, na hapo katikati ndipo mishono inapolundikana. Juu ya lundo hilo huwekwa duara jeupe, na ndani ya duara nyota tatu nyekundu zenye pembe sita kila moja, zimezungushiwa ukingo wa kijani. Duara linafunika kiungo. Kamba hukatika pabovu, wahenga walisema. Hapa, pale panapoweza kufumuka kwanza ndipo palipopewa heshima kuliko pote. Na tangu Burundi ilipopata uhuru, tarehe 1 Julai 1962, rangi hazikuguswa wala msalaba haukuguswa. Kilichobadilika hasa ni kile kilichokaa katikati.

Rangi zenyewe zina maana zilizotangazwa rasmi. Kijani ni tumaini, nyeupe ni amani, nyekundu ni mateso na damu ya waliopigania uhuru. Maana za namna hii zimo katika bendera nyingi za Afrika, na mtoto wa shule huzikariri bila kusita. Lakini mpangilio wake una neno la ziada, na neno hilo halihitaji kukaririwa kwa sababu jicho linalisoma lenyewe. Wachoraji wa ngao za Ulaya walikuwa na kanuni ya kale: rangi nzito isilazwe juu ya rangi nzito. Kati ya nyekundu na kijani, au kati ya nyeusi na buluu, ipite nyeupe inayosimama badala ya fedha, au njano inayosimama badala ya dhahabu, ili alama itambulike kwa mbali katika vumbi la vita. Msalaba wa bendera ya Burundi unaitii kanuni hiyo kikamilifu. Pembetatu nyekundu haigusi ya kijani popote, wala juu, wala chini, wala kwenye pembe. Kidole kinachotaka kutoka kwenye damu kwenda kwenye tumaini hakina njia isiyopita kwenye amani. Jua la bonde la Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, hupausha nyekundu, upepo wa alasiri kutoka ziwani hunyofoa nyuzi za upande unaopepea, na bado njia hiyo nyeupe inaonekana, hata kwenye kitambaa kilichochakaa.

Lugha nayo ina ushahidi wake. Neno bendera lilifika pwani kwa merikebu za Wareno, likapanda bara na misafara, na Kirundi kikalipokea kwa kuliongezea kiambishi tu: ibendera. Neno nembo limeanzia karibu zaidi na mwili. Kabla ya kuwa alama ya serikali au ya kampuni, nembo ilikuwa chale, mchoro uliochanjwa usoni au kifuani ili mtu ajulikane ni wa watu gani hata akifia ugenini. Kijerumani kina neno Wappen, nembo ya mji au ya ukoo, na neno hilo ni ndugu wa Waffe, yaani silaha, kwa kuwa alama hizo zilianza katika karne ya 12 juu ya ngao za wapiganaji waliofunikwa chuma hadi macho, wasioweza kutambuana kwa sura. Kiswahili kinaposema ngao ya taifa kinaikumbuka historia hiyo hiyo. Hivyo maneno matatu yanabeba mizigo mitatu: bendera ilitoka baharini, nembo ikatoka kwenye ngozi, ngao ikatoka vitani. Taifa linapojichorea alama huwa linayaomba maneno hayo matatu yakae pamoja, na hayakai pamoja bila kusukumana.

Ujerumani ni mahali ambapo desturi ya nembo imeshuka hadi chini kabisa. Nchi hiyo ina miji na vijiji vyenye mabaraza yake zaidi ya 10,000, na karibu kila kimoja kina nembo yake na mara nyingi bendera yake. Berlin ina dubu, München ina mtawa kwa sababu jina la mji lenyewe linawataja watawa, Bremen ina ufunguo wa Mtakatifu Petro, Mainz ina magurudumu mawili, Hamburg ina ngome. Kijiji kisicho na zaidi ya zizi, kanisa na mtambo wa kusaga huchora gurudumu la mtambo huo, au shuke la ngano, au mkondo wa mto unaopita kando yake, na mchoro huo hubandikwa mlangoni pa ofisi ya baraza. Ndani ya desturi hiyo mna imani yenye uzito: kwamba mahali padogo napo pana historia inayostahili kuonekana. Burundi imeishika imani hiyo kwa njia yake. Mrundi hujitambulisha kwa kilima chake, na kilima ndicho ngazi ya chini ya utawala wa nchi hadi leo. Jiji la Bujumbura nalo lilizipa baadhi ya sehemu zake majina ya maji, Ntahangwa na Muha, mito inayoteremka kutoka milimani na kulikata jiji hadi ziwani. Vilima na mito hiyo vimekaa mahali ambapo pengine pangewekwa ngao. Havikuchorwa, vinatajwa, na anayevitaja hueleweka.

Bendera ya kwanza ya kikoloni kusimama mahali ilipo Bujumbura ilikuwa ya Kijerumani: nyeusi, nyeupe na nyekundu. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi cha Usumbura kando ya Ziwa Tanganyika katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na askari wao pamoja na wafanyabiashara kutoka pande za Ujiji na pwani wakaufanya mji uzungumze Kiswahili, kama mtaa wa Buyenzi unavyozungumza mpaka sasa. Huko juu, nyuma ya ukuta wa milima unaouangalia mji, alikuwa mfalme ambaye hakuteremka kuisalimu bendera hiyo. Mwezi Gisabo alikuwa ametawala kwa miongo mingi, na kwake alama ya utawala haikuwa kitambaa. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma, na ingoma ni ufalme. Neno ni moja. Kusema kwamba ngoma imesimama ni kusema kwamba nchi ina mwenyewe. Kitambaa kinachopepea kwenye boma kando ya ziwa kilionekana na waliokaa karibu nacho tu, ilhali ngoma iliyopigwa juu ya kilima ilifika kwenye masikio ya watu wasioiona. Tarehe 6 Juni 1903, baada ya kushambuliwa na kuchomewa makazi, Mwezi Gisabo alikubali huko Kiganda mapatano ya kuutambua utawala wa Wajerumani, na akatozwa ng'ombe 424. Ng'ombe waliondoka. Ngoma ilibaki.

Mwaka 1914, maofisa wa Berlin waliona kwamba makoloni yao hayana nembo, wakachora. Kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambayo Urundi, yaani Burundi ya leo, ilikuwa ndani yake, walichagua kichwa cha simba juu ya ngao nyekundu. Vita Kuu ikaanza mwaka huo huo, michoro ikabaki makaratasini, na mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yakaingia Usumbura. Hakuna mtu wa Urundi aliyewahi kupita chini ya simba yule wa Berlin. Na hakuhitajiwa, kwa kuwa simba alikuwako tayari. Wafalme wa Burundi walipokea majina ya kiti kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, kisha mzunguko unaanza tena, na Ntare limetokana na intare, simba. Ntare Rushatsi ndiye anayetajwa katika masimulizi kuwa mwanzilishi wa ufalme. Ntare Rugamba, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliipanua nchi kuliko waliomtangulia. Mchoraji wa Berlin alimtafuta mnyama wa kuitambulisha Afrika, akampata yule ambaye Ulaya yote ilimfikiria. Mlimani simba alikuwa jina la baba, lililosubiri zamu yake ya kurudi. Alama moja inaweza kuchorwa mara mbili na watu wasiosikilizana kabisa. Anayetazama mchoro peke yake hawezi kujua ni upi uliotoka katika kumbukumbu na ni upi uliotoka katika kubuni.

Saa ya uhuru ilipofika, mwaka 1962, Ufalme wa Burundi uliweka katikati ya bendera yake kitu ambacho Mrundi hakuhitaji kuelezwa: ngoma, na pamoja nayo mmea wa mtama. Ngoma hiyo iliiashiria Karyenda, ngoma tukufu ya kifalme. Karyenda haikuwa chombo cha burudani. Ilikuwa na walinzi wake, ilitunzwa kama kiumbe mwenye uhai, na ilitolewa kwa nyakati zilizopangwa, kubwa kuliko zote ikiwa umuganuro, sherehe ya mwaka ambamo mfalme aliufungua msimu wa kupanda mtama. Nchi nzima ilisubiri. Mtu asingetia mbegu ya mtama ardhini kabla ya neno hilo kutoka, na neno lilitoka kwa mdundo. Ndiyo maana ngoma na mtama viliwekwa pamoja katika duara: kimoja kiliamuru na kingine kilitii, kimoja kilikuwa sauti na kingine chakula. Hata mti wenyewe ulikuwa katika maana hiyo. Ngoma za Burundi huchongwa kwa mti ambao Watanzania huuita mringaringa, na Kirundi huuita umuvugangoma, jina lenye ngoma ndani yake na sauti ndani yake. Mti unaitwa kwa kazi utakayofanya baada ya kukatwa. Kuna bendera chache duniani zilizobeba picha ya kitu kinachosikika. Hiyo ilikuwa mojawapo, na kila ilipopepea ilikuwa kana kwamba kitambaa kinakiri kwamba jicho peke yake halitoshi.

Haikudumu. Mwaka 1966 Burundi ilipita katika mikono mitatu kabla mwaka haujaisha. Mwezi Julai, Mwambutsa wa Nne aliondolewa kwenye kiti na mwanawe Charles Ndizeye. Mwezi Septemba kijana huyo alitawazwa kwa jina la Ntare wa Tano. Na tarehe 28 Novemba Kapteni Michel Micombero aliufuta ufalme na kutangaza jamhuri. Jamhuri haikuweza kupeperusha ngoma, kwa kuwa ngoma ilikuwa ufalme wenyewe. Lugha isingeruhusu kumfukuza mfalme na kubaki na jina lake juu ya mlingoti. Ngoma ikatolewa. Mtama ukabaki peke yake katika duara jeupe kwa muda mfupi, na bendera hiyo ya mpito ndiyo inayosahauliwa upesi kuliko zote, ingawa ndiyo yenye huzuni ya kweli: shina la nafaka limesimama, na sauti iliyokuwa ikiliambia lini lipandwe haipo tena. Mkulima anajua shamba la namna hiyo. Mvua ipo, udongo upo, mbegu ipo mkononi, na kila mtu anamtazama jirani yake kuona nani ataanza. Jina la Ntare nalo liliishia hapo. Ntare wa Tano aliuawa Gitega mwezi Aprili 1972, na mzunguko wa majina ya wafalme haukuendelea.

Nyota tatu ziliingia mwaka 1967. Mwaka 1982 vipimo vya bendera vilibadilishwa kutoka mbili kwa tatu kuwa tatu kwa tano, ikawa ndefu kidogo, lakini duara na nyota zake hazikuhama. Kwa tafsiri ya serikali, nyota hizo ni maneno matatu ya kaulimbiu ya taifa: Ubumwe, Ibikorwa, Amajambere, yaani Umoja, Kazi, Maendeleo. Watu wengi huzisoma vilevile kuwa Wahutu, Watutsi na Watwa, makundi matatu chini ya anga moja. Tafsiri hizo mbili zimeishi pamoja miaka yote na hakuna iliyoiua nyingine. Lakini mpangilio wa nyota unapendekeza usomaji wa tatu, ambao mama yeyote anayepika kwa kuni anaweza kuuona kabla ya mwalimu. Nyota moja iko juu, mbili ziko chini, zikitenganishwa kwa umbali ulio sawa. Hayo ni mafiga. Figa moja haliinjiki chungu, na mawili hayainjiki pia. Chungu kikiwekwa juu ya mawili huegemea, kisha humwagika, na uji humwagikia moto wenyewe. Mawe matatu hayahitaji kufanana rangi wala kutoka kilima kimoja. Yanahitaji kulingana kimo na kusogezwa karibu kiasi cha kubeba, mbali kiasi cha kuacha moto upumue.

Lakini picha haipiki. Huu ndio ukweli mzito ambao kila alama ya taifa hukutana nao, na Burundi imekutana nao kwa gharama kubwa kuliko nchi nyingi. Miaka mitano baada ya nyota tatu kuwekwa pamoja katika duara moja, mwaka 1972, umati wa watu uliuawa nchini, na nyota zilipepea. Ziliendelea kupepea mwaka 1988 damu ilipomwagika Ntega na Marangara. Zilipepea tarehe 21 Oktoba 1993, siku Rais Melchior Ndadaye alipouawa na nchi kuingia katika vita vya miaka mingi. Katika miaka hiyo mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa makabila, jirani akamhama jirani, na ofisi za pande zote zilikuwa na bendera ile ile ukutani. Mvunja nchi ni mwananchi. Rwanda, jirani na pacha wa uhuru wa siku ile ile moja, iliamua mwaka 2001 kwamba bendera yake ya zamani imebeba damu nyingi mno, ikaishusha na kupandisha mpya. Burundi haikufanya hivyo. Iliendelea na nyekundu yake, kijani chake na mafiga yake matatu, na uamuzi huo nao una hekima yake, mradi usichukuliwe kuwa usahaulifu. Anayebadilisha nguo anasema: yule sikuwa mimi. Anayebaki na nguo ile ile anasema: nilikuwa mimi, na nitaifua.

Kufua kulianza mezani. Makubaliano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000, yaliyosimamiwa na Nelson Mandela baada ya Mwalimu Julius Nyerere kufariki, yalijaribu kuzitia nyota ndani ya hesabu. Katiba ya mwaka 2005 iliyotokana nayo iliweka Bunge la Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40, wanawake wasipungue asilimia 30, na Watwa watatu waingizwe Bungeni na watatu katika Seneti. Hapo nyota ya Watwa, ile ambayo wasimulizi wengi waliitaja mwisho au kuisahau, ilipata kiti cha kukalia. Hesabu si upendo, na hakuna aliyedai hivyo. Lakini mpishi mzuri hupima kimo cha mafiga kwa macho kabla ya kuwasha moto, na kupima huko hakumwondolei utu. Benderani nyota zote tatu zina kipimo kimoja. Hakuna kubwa, hakuna iliyo mbele, na ile iliyo juu iko juu kwa sababu pembetatu haina namna nyingine ya kusimama.

Na ngoma je? Iliposhuka kwenye mlingoti haikuzikwa. Ilirudi mahali ilipokuwa kabla ya vitambaa, kwenye mabega na vichwa vya watu. Gishora, karibu na Gitega, kilima kinachohusishwa na Mwezi Gisabo mwenyewe, bado kina ngoma zake na wapigaji wake, kazi iliyorithishwa kutoka kwa baba hadi mwana. Wapigaji hao, abatimbo, huingia uwanjani wakiwa wamezibeba ngoma vichwani huku wakizipiga, kisha huzipanga nusu duara kuizunguka ngoma moja ya katikati inayoongoza, na idadi yao huwa witiri. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Jambo la kutazamwa kwa makini ni mavazi. Abatimbo huvaa nyekundu, nyeupe na kijani, na ngoma nyingi hupakwa rangi hizo hizo. Ngoma ilitolewa benderani, nayo bendera ikaenda kuvikwa wapiga ngoma. Hakuna sheria iliyopanga malipizi hayo mazuri. Yalitokea kwa sababu watu waliendelea kupiga, na kinachoendelea kutendwa hutafuta mahali pa kukaa hata kikifukuzwa kwenye mahali pake pa rasmi. Wakati ngoma inapigwa, nusu duara ya wapigaji inaizunguka ya katikati, na mtazamaji akiwa juu ya kilima huona tena, kwa dakika chache, duara lenye ngoma ndani yake na rangi tatu pembeni.

Ngao ya taifa imechukua njia nyingine. Ni nyekundu, ina kichwa cha simba cha dhahabu, na nyuma yake mikuki mitatu imepishana. Kaulimbiu ya taifa imeandikwa chini yake. Hapa jamhuri iliyowafuta akina Ntare ilimhifadhi mnyama wao. Labda ni kwa sababu simba, tofauti na ngoma, anaweza kusomwa na mgeni bila mkalimani. Au kwa sababu nguvu huhitajiwa na kila serikali, ya kifalme na isiyo ya kifalme. Watoto wa Bujumbura wanamjua simba kwa ngao na kwa vitabu vya shule. Mikuki nayo ni mitatu, kwa hesabu ile ile ya nyota na mafiga. Lakini mikuki iliyopishana inaweza kusomwa kwa njia mbili. Inaweza kuwa imewekwa chini, kama wageni wanavyoegemeza silaha mlangoni kabla ya kuingia kuongea. Inaweza kuwa imepishana kwa sababu wenye kuishika wamekabiliana. Mchoro ni mmoja. Historia ya nchi imeusoma kwa njia zote mbili, na kila kizazi kinaposimama chini ya ngao hiyo kwenye ukumbi wa mahakama au wa shule huwa kinaulizwa swali hilo hilo, bila sauti.

Mambo haya yote yanaonekana kwa urahisi kutoka Bujumbura, ingawa tangu mwaka 2019 Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa, kama ilivyokuwa mwaka 1912 Wajerumani walipouhamishia huko utawala wao wa Urundi. Bujumbura ilibaki na ziwa, na ziwa ni mwalimu mzuri wa bendera. Bandarini vyombo huja kutoka Kigoma, kutoka Kalemie, kutoka Mpulungu, kila kimoja na kitambaa chake nyuma. Upande wa kusini, katika maji hayo hayo, imepita meli ambayo historia yake inatosha kuwa somo: iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikabatizwa jina la Graf von Götzen, gavana aliyekuwa madarakani wakati wa mapatano ya Kiganda. Mwaka 1916 mabaharia wake waliizamisha wenyewe isitekwe. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini chini ya bendera ya Waingereza kwa jina la Liemba. Kisha ikapeperusha ya Tanganyika huru, kisha ya Tanzania. Chuma kilikuwa kile kile. Abiria waliobeba magunia ya dagaa hawakupanda kwa ajili ya bendera yoyote kati ya hizo, walipanda kwa sababu meli ilielea. Bendera humwambia mtu chombo ni cha nani. Haimwambii kama kinavuja.

Juu ya mji, kwenye kilima cha Vugizo, lipo kaburi la Mwanamfalme Louis Rwagasore. Chama chake cha UPRONA kilishinda viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa tarehe 18 Septemba 1961, na tarehe 13 Oktoba mwaka huo, akiwa waziri mkuu, alipigwa risasi akila chakula cha jioni kwenye hoteli kando ya ziwa. Uhuru ulikuwa umebakiza miezi isiyofika tisa. Hakuiona bendera yenye ngoma ikipanda, wala yenye mtama, wala yenye nyota. Kila mwezi Oktoba Burundi hupeleka mashada kwa Rwagasore tarehe 13 na kwa Ndadaye tarehe 21, mtoto wa mfalme na rais aliyechaguliwa na wananchi, na katika siku zote mbili ni kitambaa kimoja kinachopepea. Kutoka Vugizo mtu huona jiji lote, ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo. Bendera zilizoko chini, kwenye ofisi, shule na bandari, huwa ndogo kama vipande vya kanga vilivyoanikwa, na nyota hazihesabiki tena. Kinachobaki kuonekana kwa umbali huo ni msalaba mweupe.

Katiba ya Burundi inaieleza bendera kwa maneno machache ya kipimo: rangi tatu, msalaba wa mshazari, duara jeupe, na nyota tatu nyekundu zenye pembe sita zinazounda pembetatu yenye pande sawa, kitako chake kikiwa sambamba na urefu wa bendera. Haisemi nyota ipi ni ya nani. Hakuna iliyoandikwa jina, na anayeitazama hana ruhusa ya kujichagulia ya juu. Mawe matatu yamekwisha kupangwa tangu mwaka 1967, yanalingana, na chungu kiko juu yake. Kuni ni za kila mwenye nyumba.